Shajara ya mradi: kuhakiki namba tasa yenye tarakimu 227,832 kwa kompyuta ya mtumba

Lengo ni kuthibitisha mwenyewe kwamba 2^756839 − 1 ni namba tasa. (Alama ya ^ hapa ni kipeo: 2^5 ni 32.) Nami si wa kwanza. Namba hii ilipatikana mwaka 1992 kwa kutumia kompyuta kuu ya Cray-2 iliyokuwa kwenye maabara ya Harwell, Uingereza, enzi ambazo mashine ya aina hiyo ilikuwa mali ya taasisi kubwa. Mimi nina kompyuta mpakato ya mtumba, GB 4 za kumbukumbu, betri imechoka, nimeinunua shilingi 280,000. Nafundisha hisabati sekondari, na wanafunzi wangu ndio waliouliza: nani kahakikisha?

Namba za umbo la 2^p − 1 huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliyetoa orodha yake mwaka 1644. Zina kipimo chake maalumu, alichokianzisha mwanahisabati Lucas mwaka 1876 na mwingine, Lehmer, akakinyoosha baadaye. Chukua 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 2^p − 1, bakiza baki. Baki hilo nalo lifanyie vivyo hivyo. Rudia mara p − 2. Ukiishia kwenye sifuri, namba ni tasa. Ukiishia kwenye kingine chochote, si tasa. Hakuna "labda".

## 4 Januari 2025: daftari na kalamu

Nilianza na 127, yaani 2^7 − 1. Hatua ni tano: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Tasa.

Nikaja 2^11 − 1 = 2047. Hatua tisa, nikaishia 1736. Si tasa, na kweli 2047 ni 23 × 89. Lakini angalia jambo moja: kipimo hakikunitajia 23 wala 89. Kinakwambia namba ina vigawo, kisha kinanyamaza. Wanafunzi waliona hilo ni uchawi, nami sikuwalaumu.

Mkwamo ukaja kwenye 8191 (2^13 − 1). Mara ya kwanza nilipata baki la ajabu mwishoni, ilhali najua ni tasa. Nilitumia jioni nzima kutafuta kosa. Lilikuwa hatua ya nne: 4870 × 4870 nimeandika 23,717,900 badala ya 23,716,900. Ubaya wa kipimo hiki ni kwamba kosa dogo la hatua ya nne halikui polepole ukaliona. Linavuruga kila kinachofuata, na mwisho unapata namba yenye sura ya kawaida kabisa.

Tiba: baada ya kila mraba, kagua kwa kutoa tisa. Tarakimu za 4870 zinajumlika kuwa 19, kisha 10, kisha 1. Mraba wa 1 ni 1. Tarakimu za 23,717,900 zinaishia 2. Kosa limeshikwa. Haishiki tarakimu zilizobadilishana nafasi, kwa hiyo usiiamini kupita kiasi. Mfululizo sahihi, kwa atakayerudia: 4, 14, 194, 4870, 3953, 5970, 1857, 36, 1294, 3470, 128, 0.

Gharama: daftari 1,500, na jioni mbili.

## 11 Januari: programu ya majedwali, na kwa nini niliiacha

Niliweka fomula kwenye seli moja, nikaiburuta chini. Kwa vipeo 17 na 19 ilitoa sifuri safi. Kwa 31 ikasema si tasa.

Sasa, 2^31 − 1 = 2,147,483,647 mwanahisabati Euler aliithibitisha mwaka 1772, bila umeme. Kati yangu na Euler, anayekosea ni mimi. Tatizo ni kwamba programu hizi hushika tarakimu 15 hivi, zinazobaki zinakuwa makadirio. Mraba wa namba yenye tarakimu 10 unafika tarakimu 19, na kwetu sisi tarakimu za mwisho ndizo zenye kila kitu. Ukitaka kuona kwa macho, andika 2305843009213693951 (ndiyo 2^61 − 1) kwenye seli, kisha itazame imegeuka nini. Mizani ya kupimia simenti haipimi dhahabu.

Nikahamia Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo namba zake nzima hazina kikomo isipokuwa kumbukumbu ya mashine.

## 19 Januari: programu inayosema kila kitu si tasa

Kugawanya namba ndefu ni kazi nzito, na kwa namba za Mersenne kuna njia ya mkato. Ifikirie 99. Kupata baki la 4487 kwa 99 huna haja ya kugawanya: kata jozi mbili, 44 na 87, jumlisha upate 131, kata tena, 1 na 31, jumlisha upate 32. Ndiyo baki. Kwenye msingi wa mbili, 2^p − 1 ni "99" ya aina yake: ni tarakimu 1 zilizopangwa p mfululizo. Kwa hiyo unakata p za mwisho, unajumlisha na zilizo juu yake, basi.

Niliandika, nikajaribu kipeo 7. "Si tasa." 13, si tasa. 127, si tasa. Nilihangaika mpaka usiku. Aliyelipata kosa ni mwanafunzi wa kidato cha tatu siku ya pili, kwa mfano ule ule wa 99: "Mwalimu, 4455 je?" Nikakata ubaoni: 44 na 55, jumla 99. Njia ya mkato haitoi sifuri kamwe, inatoa 99 yenyewe. Na programu yangu ilikuwa inasubiri sifuri. Mistari miwili ya ziada ikamaliza:

```
def jaribu(p):
    M = (1 << p) - 1
    s = 4
    for i in range(p - 2):
        s = s * s - 2
        while s > M:
            s = (s & M) + (s >> p)
        if s == M:
            s = 0
    return s == 0
```

Hiyo `while` usiibadili kuwa `if`. Mkunjo mmoja hautoshi kila mara, na ziada ikiachwa inajilimbikiza hatua kwa hatua mpaka mashine inalemewa. Na p = 2 iweke pembeni: kipimo ni cha vipeo witiri tu, kwa 2 kitakwambia 3 si tasa.

## 26 Januari: orodha ya 1644

Mersenne alidai kuwa kufikia kipeo 257, vinavyotoa namba tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Mashine ilimaliza vipeo vyote kabla sijakaa sawa. Mtawa alikosea kuweka 67 na 257, akasahau 61, 89 na 107. Ile 2^127 − 1 yenye tarakimu 39 ni sahihi, na Lucas ndiye aliyeithibitisha mwaka 1876, kwa mkono.

Kwa 67 nilitaka pia vigawo vyenyewe. Hapa kuna sifa inayopunguza kazi: p ikiwa namba tasa witiri, kila kigawo tasa cha 2^p − 1 lazima kiwe cha umbo 2kp + 1, tena kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Kwa 67 unaruka kwa 134 kila mara, na nusu ya ulizotua juu yake unazitupa. Nilipofika k = 1,445,580 ikajitokeza 193,707,721, na mwenzake ni 761,838,257,287. Frank Nelson Cole alivipata mwaka 1903. Mimi nilimaliza kabla chai haijapoa, na sijivunii hata kidogo.

## 2 Februari: tarakimu 6,533 na mzee wa steshenari

Kituo kilichofuata nilikichagua kwa ajili ya darasa: 2^21701 − 1. Waliipata wanafunzi wawili wenye miaka 18, Laura Nickel na Landon Curt Noll, huko Hayward, California, mwaka 1978. Mashine yangu: sekunde 11. Tasa.

Nikataka kuichapa. Python ikagoma, ikidai namba imepita tarakimu 4,300. Nilidhani nimeharibu hesabu. Kumbe ni kizuizi kilichowekwa kwa makusudi kwenye matoleo ya karibuni, kuzuia watu wasizilemeze seva kwa namba ndefu. Hesabu yenyewe haiguswi, kinachozuiwa ni kuigeuza iwe maandishi ya msingi wa kumi. Dawa ni mstari mmoja kabla ya kuchapa: `import sys; sys.set_int_max_str_digits(0)`. Msingi wa 16 hauna kizuizi hicho, na hilo litanifaa mbele.

Kabla ya kuchapa nilikagua kichwa na mkia bila mashine. Kwa logi, 21701 × 0.30103 ni 6532.65 na kidogo: kwa hiyo tarakimu 6,533, na mwanzo ni 4.48 hivi. Mkia ni rahisi zaidi, maana tarakimu za mwisho za vipeo vya 2 hujirudia kwa mzunguko. Kwa kipeo hiki, kabla ya kutoa moja zinaisha 2752. Karatasi inaanza 4486 na kuisha 2751. Imekubali.

Kurasa mbili, shilingi 400. Mzee wa steshenari akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni namba tasa. "Tasa? Haikuzaa?" Nikasema ndiyo, haigawanyiki kwa nyingine ila moja na yenyewe. Akazitazama zile kurasa. "Kubwa hivi, na haina hata mtoto." Sijawahi kuwa na tafsiri bora zaidi ya hiyo. Ingawa tukitaka ubishi, namba hizi zina uzao wa aina yake: kila namba tasa ya Mersenne ukiizidisha kwa 2^(p − 1) unapata namba kamilifu, ambayo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinairudisha yenyewe. 3 inatoa 6, 7 inatoa 28, 31 inatoa 496. Za shufwa zote zinatoka njia hii, Euler alishalithibitisha.

## 15 Februari: joto

Kipeo 44497: sekunde 70. 216091: dakika 70, lakini mara ya pili, kwa sababu ya kwanza mashine ilijizima yenyewe katikati. Kipeo kikiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara sita hivi, na muda wote huo kichakato kinachemka. Nilifungua chini, nikakuta feni imevaa vumbi kama blanketi. Brashi ya rangi, shilingi 1,000. Nikainua mashine juu ya vitabu viwili ili ipumue.

Kwa hesabu hiyo ya mara sita, 756839 itataka saa 30.

## 1 Machi: saa 21 zimepotea

Niliiwasha Ijumaa saa 11 jioni. Jumamosi saa 8 mchana umeme ulikatika. Betri ilishikilia dakika tisa, nami nilikuwa sokoni.

Sikuwa nimeweka kuhifadhi njiani. Hakuna la kujitetea. Ningemfokea mwanafunzi kwa hilo. Fedha ni kidogo, mashine inakula wati 45, haifiki uniti moja, kama shilingi 340. Kilichouma ni kurudi kwenye hatua ya kwanza kati ya 756,837.

## 9 Machi: faili tupu

Safari hii kila hatua 5,000 (dakika 12) programu inaandika namba ya hatua na thamani ya s kwenye faili, kwa msingi wa 16. Umeme ukakatika tena baada ya saa tisa. Nikafungua faili kwa raha zangu: baiti 0. Programu hufuta cha zamani ndipo iandike kipya, na kipya kilikuwa hakijafika kwenye diski.

Marekebisho: andika kwenye faili la pembeni, lisukume kwenye diski kwa `os.fsync`, kisha `os.replace` libadilishwe jina lichukue nafasi ya la zamani. Daima linabaki moja zima. Nikachomoa waya na betri makusudi mara tano kwa p ndogo. Likapona mara zote tano. Wakati huo nilikuwa nakagua kama faili lipo. Sikukagua kama jibu ni sahihi, na ndipo nilipoangukia.

## 16 Machi: "Si tasa"

Umeme ulikatika mara moja tu, nikaendelea kutoka kwenye faili, na Jumapili saa tatu usiku mashine ikamaliza. Ikaandika: si tasa.

Mke wangu aliniuliza kama kuna msiba.

Nilijua namba ni tasa, kwa hiyo kosa ni langu, lakini wapi, katika hatua 756,837? Nilifungua faili la mwisho nikitegemea kuona baki refu. Baki la kawaida hapa ni herufi zipatazo 189,000. Mlikuwa na herufi nne tu:

-0x2

Yaani hasi mbili. Nililitazama muda. Baki la bahati nasibu haliwezi kuwa fupi hivyo. Kisha nikarudi kwenye kanuni: mraba, toa mbili. Ni kitu gani ukikizidisha kwa chenyewe na kutoa 2 unapata −2? Sifuri. Mashine ilikuwa imefika kwenye sifuri, ikapitiliza hatua moja.

Kosa lilikuwa kwenye kuendelea. Nilikuwa nahifadhi "nimemaliza hatua i", halafu nikiwasha naanza `range(i, p - 2)`, hivyo ile hatua inafanywa mara ya pili. Ni `range(i + 1, p - 2)`. Kila kukatika kwa umeme kuliongeza hatua moja. Ungekatika mara mbili ningepata 2, maana −2 × −2 ni 4, toa 2. Mara tatu pia 2, na kuendelea: 2 × 2 − 2 ni 2, haitoki hapo tena. Nilijaribu kwa 4423 nikiikatiza mara tatu: 2, kama ilivyotarajiwa. Nikarekebisha, nikaikatiza mara tatu tena: 0.

Kwa hiyo weka hili kwenye programu yako: usichape "tasa" na "si tasa" peke yake, chapa na mwisho wa baki. Ningekuwa na jibu la neno moja, ningetupa saa 30 nyingine gizani.

Kihisabati, −2 iliyokuja hatua moja baadaye inatosha kuthibitisha utasa. Hoja ya Lucas na Lehmer inasimama vile vile. Lakini ni vigumu kumwonyesha kijana wa kidato cha tatu programu yenye kosa ukamwambia imethibitisha kitu. Nikaamua kurudia.

## 5 Aprili: sifuri

Tangu mwanzo nilikataa kutumia gmpy2, maktaba ya programu za ziada za kukokotoa namba ndefu, ili yeyote mwenye Python tupu aweze kunakili. Nilishupaa bure. Kuzidisha kwa Python hutumia njia ya Karatsuba, ambayo kwa namba ndefu kiasi hiki inaachwa mbali na njia zilizomo ndani ya maktaba hiyo. Badiliko ni la mstari mmoja na nusu: `from gmpy2 import mpz`, na s iwe `mpz(4)`.

Nilirudia vipeo vyote vinavyojulikana mpaka 44497 kwanza, na kati yake nikaweka vipeo kumi ambavyo si vya tasa, ili nione programu inaweza kukataa pia. Kisha 756839. Dakika 58. Baki: 0.

Kurasa 48 za tarakimu, mistari 60 kila ukurasa, herufi 80 kila mstari: shilingi 4,800 baada ya mzee kukubali 100 kwa ukurasa. Safari hii hakuuliza kitu, ila aliwaambia wateja wengine.

Jumla ya matumizi, ukiacha mashine: daftari 1,500, brashi 1,000, kuchapa 5,200, na umeme wa majaribio yote haukufika 2,500. Betri mpya ni 65,000, sijanunua.

## 12 Aprili

Inayoendelea ni 2^1398269 − 1, tarakimu 420,921, ya kwanza kupatikana na GIMPS, mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao kutafuta namba tasa za Mersenne, mwaka 1996, mradi huo huo ambao Oktoba 2024 ulifikisha tarakimu 41,024,320 kwa kipeo 136279841. Nakadiria saa tatu na nusu. Umeme umekatika mara moja leo asubuhi. Imeendelea kutoka kwenye faili, hatua ya 610,000 kati ya 1,398,267, na nimehesabu kwa vidole kwamba inayofuata ni 610,001.